Kupimwa mkao wa mwili Ganjoni: timazi ndiyo, picha ya simu la

Nilichokilipia ni upimaji wa mkao wa mwili katika kliniki moja ya fiziotherapia, Ganjoni, Mombasa. Naipa nyota nne kwa tano. Iliyopungua ni ya picha, nitaifikia.

Mavazi wameyafikiria vizuri. Mgongo haupimiki ndani ya buibui wala shati, kwa hivyo kuna chumba cha pazia, mwanamke hupimwa na mwanamke, na unapewa vazi lililo wazi mgongoni. Leso hufungwa chini ya mifupa ya nyonga, si juu yake, maana mifupa hiyo ndiyo inayolinganishwa kushoto na kulia. Viatu nje.

Timazi ni ileile ya waashi: uzi na chubwi, yaani kizito cha kuuvuta chini, umening'inizwa darini. Ukisimama ubavu, chubwi huwekwa mbele kidogo tu ya kifundo cha mguu. Kipimo huanzia chini, kwa kuwa nyayo ndizo zisizosogea. Kutoka hapo uzi unatarajiwa upite mbele kidogo ya katikati ya goti, kwenye kifundo cha mfupa wa paja penye nyonga, ncha ya bega, kisha sikio. Kwa nyuma uzi hukaa katikati ya visigino, na hutazamwa ncha za mabega, pengo kati ya kila mkono na kiuno, na kama visigino vimelalia ndani, jambo linaloandamana mara nyingi na nyayo bapa. Kabla ya yote hayo unaambiwa upige hatua papo hapo umefumba macho, kisha utulie. Bila hivyo kila mtu hujikakamua kama askari wa gwaride, na kinachopimwa si mkao wake.

Hapa ndipo huduma yao ilipostahili pesa. Nyonga moja ikionekana juu, hawakimbilii kusema mguu mfupi. Wanakukalisha kwenye benchi ngumu: tofauti ikipotea, chanzo kiko miguuni; ikibaki, watafute juu zaidi. Halafu vibao vyembamba vya milimita 5 huongezwa chini ya mguu, kimoja kimoja, hadi nyonga zilingane. Tepu nayo hutumika, kutoka mfupa wa mbele wa nyonga hadi kifundo cha ndani cha mguu, lakini tepu hupotea milimita kadhaa kwa urahisi, hasa kwa mtu mnene, ndiyo maana hurudia. Mwisho unainama mbele, viganja vimekutana, na kifaa kidogo kama pimamaji hupitishwa mgongoni. Mbavu za upande mmoja zikiinuka kufikia digrii 5 hadi 7, wanakutuma eksirei. Skoliosisi yenyewe, yaani mgongo kupinda kwa ubavu, huthibitishwa na eksirei, pinda likifika digrii 10.

Maswali yao pia yalikuwa ya maana: kazi gani, mzigo upande upi, viatu gani, macho yanaona sawa? Muuza kahawa anayebeba dele mkono mmoja kutwa huegemeza kiwiliwili upande wa pili. Waliandika hata saa ya kupimwa, kwa sababu kufikia jioni pingili huwa zimebanana na mtu hupungua kimo kama sentimita moja au zaidi. Kipimo cha marudio kiwe saa ileile.

Sasa picha. Simu ilishikwa mkononi, karibu mno, imeinama. Simu ikilala digrii 2, mabega nayo "yatalala" digrii 2, na programu ya simu inayosoma picha itachora mistari yake myekundu bila haya. Ilifaa iwe kwenye stendi, usawa wa nyonga, umbali wa mita 3 hivi, na uzi wa timazi uonekane ndani ya picha. Ripoti ya programu hiyo ikadai eti kichwa kimeongezeka uzito kwa kuwa kimetangulia mbele. Kichwa ni kilo 4 hadi 5 popote kilipo. Kinachozidi ni kazi ya misuli ya shingo. Tena wengi vichwa vyao vimetangulia na hawaumwi popote, jambo ambalo ripoti haikugusia.

Ukienda, beba viatu vyako vikuukuu, kisigino kilivyolika kinawaonyesha mengi. Uliza mapema kama eksirei imo kwenye bei, kwangu haikuwamo. Na uombe karatasi ya vipimo vya mkono. Ile ya programu waweza kuiacha mezani.