TAHADHARI: Anayeuza plena kuukuu njia ya Pongwe, msimtumie hata mia

Wakuu wa mbao, mafundi wa Tanga na mnaotoka Muheza na Korogwe kufuata mashine huku, someni hii kabla hamjatoa hela. Kuna mtu njia ya Pongwe anauza mashine za zamani za useremala, plena za kurandia mbao, sakula (msumeno wa duara), bendi soo (msumeno wa mkanda), picha zake mmeziona zinazunguka kwenye magrupu. Jina silitaji maana RB nishakata, ila huyu ni tapeli, tena tapeli mstaarabu, na hao ndio wabaya.

Msinicheke. Mnajua nimeisaka plena tangu lile dili la vitanda vya bweni. Huyu mzee kanipokea kwa kahawa na kashata, adhuhuri ikatukuta hapo tukaswali pamoja, ananiita mjomba. Kanionyesha Wadkin, kibati kimeandikwa Leicester kabisa, mji wa Uingereza zilikotengenezwa, na anayezijua Wadkin anajua, wale Waingereza wameanza 1897, ukiipata nzima ukaihudumia wajukuu zako watarandia. Akasema imetoka karakana ya shamba la mkonge. Sasa hapo nani angebisha? Mashamba ya mkonge huku yalikuwa na karakana zake tangu mkoloni, vyuma vya aina hiyo vimetapakaa mkoa mzima, hata babu yangu mimi kafanya kazi huko.

Nikamwambia iwashe. Akasema visu vimeenda kunolewa lakini utaisikia, akauziba mdomo wa plena kwa kipande cha plaiwudi, eti hapa kuna watoto mjomba, usalama kwanza, nikamwona mtu makini kumbe! Akabonyeza swichi, mota ikaitika vizuri tu, mlio mmoja, halafu akatoa sarafu ya mia mbili mfukoni akaisimamisha wima juu ya meza na mashine inaunguruma. Ikasimama. Haikutikisika. Akaniangalia akatabasamu, "mjomba, chuma cha Mwingereza hicho", na vijana waliokuwa pale wakapiga makofi, nadhani wamelipwa wale. Milioni tatu na laki mbili nikamtumia kwa simu palepale, nimesimama hapo hapo, kanta nikaita mwenyewe, wapakiaji nikalipa mwenyewe.

Sasa sikieni. Nimefika karakana nimefungua bati la nyuma, mikanda hakuna! Yaani ilikuwa inazunguka mota peke yake, shafti ya visu imelala, ndiyo maana plaiwudi pale mdomoni, ndiyo maana sarafu ikasimama, hata yai lingesimama. Nikasema basi mikanda si kitu, nikaanza kukwangua ile rangi ya kijani niipige upya, nikakuta pati. Pati ya gari, ile ya kuzibia mabonde kwenye bodi! Nimekwangua inatoka vipande vipande, chini yake ufa unaanzia pale inapokaa beringi unashuka mpaka kwenye mguu, na mtu kaupiga welding ya fimbo za kawaida bila kukipasha chuma moto, na chuma cha kalibu, yaani cha kumiminwa, ukikifanyia hivyo kinapasuka tena pembeni ya ile welding, fundi yeyote anajua. Shafti ile ikiwa na visu inazunguka mara elfu nne na zaidi kwa dakika. Ikiachia hapo inaondoka na mkono wa mtu, au wa kijana wangu maana yeye ndiye anasimama pale. Hili ndilo linanitia hasira kuliko hela.

Mota nayo imesukwa upya ovyo, imenuka moshi kabla sijamaliza chai.

Na kile kibati si chake. Kimepigwa riveti mpya zinang'aa, na herufi zilizochongwa ni DR, DR kwa Wadkin ni bendi soo. Bendi soo jamani, kwenye plena! Kwa hiyo mnaokwenda kununua popote, fungueni bati la mkanda, bebeni sumaku, kwenye pati haishiki, gongeni chuma kwa nyundo ndogo, kizima kinalia, chenye ufa kinafanya pu. Na bila kuona ubao wa mninga umepita na kutoka upande wa pili usilipe, visu vikiwa kunolewa rudi siku vikirudi.

Nimempigia, kanijibu "uliiona ikiwaka au hukuiona?" akakata. Dalali aliyenipeleka simu inaita tu. Mtu kama huyu mimi ningekuwa hakimu angerandishwa mbao kwenye mashine yake mwenyewe, visu ndani, mikanda ndani, na sarafu yake juu ya meza. Mwenyekiti wa mtaa wake naye ananiambia tuyamalize kifamilia, familia gani?

Kama na wewe kakuuzia kitu, njoo inbox na muamala wako, tukienda wengi kituoni kesi inakuwa nzito. Na nasikia ana sakula nyingine ya kijani anaitafutia mteja wa Bagamoyo, rangi ile ile.