Herufi za Linux kwenye laptopu ya steshenari: uzoefu wangu

Kama unachapa nyaraka za watu kutwa nzima na umeweka Linux, mfumo wa kompyuta unaokaa mahali pa Windows, kwenye laptopu ya bei ya kawaida, usikubali kuambiwa kwamba herufi za Linux ni mbaya kwa asili. Zinarekebishika, tena bila kununua chochote. Mimi nina steshenari Mwanjelwa hapa Mbeya. Natumia Linux yenye eneokazi la Xfce (yaani madirisha na menyu unazoziona kiooni), na ninayoyasema nimeyapata kazini: ripoti za field za wanafunzi wa MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya), mikataba ya kukodi mashamba, CV, barua za kupeleka serikali ya mtaa, kadi za mchango. Macho yangu yako kwenye maandishi tangu nafungua duka hadi nafunga, kwa hiyo jambo hili kwangu si pambo.

Laptopu yenyewe ni ya used, inchi 14, kioo cha pikseli 1366 kwa 768. Zimejaa madukani kwetu. Kioo cha namna hiyo ndicho kinachopima kweli mfumo wowote wa kuchora herufi. Kwenye simu ya kisasa pikseli ni ndogo kiasi kwamba jicho haliwezi kuiona moja moja, lakini hapa inaonekana. Mguu wa herufi l kwenye maandishi ya kawaida unene wake ni pikseli moja na kitu. Sasa hicho "kitu" kichorwe vipi? Kiachwe, kijazwe kiwe pikseli nzima, au kipakwe kijivu? Tofauti yote kati ya maandishi yanayopumzisha macho na maandishi yanayoyachosha inatoka hapo.

Na Kiswahili kinataka uangalifu zaidi kwenye jambo hili, ingawa sijaona watu wakilizungumza. Lugha yetu imejaa i na l zinazofuatana: shamba lililolimwa, fedha walizolipiana, barua iliyoletwa. Miguu myembamba inasimama sambamba, na kama mmoja umetoka mzito na mwingine hafifu, anayehakiki hawezi kuona haraka kwamba silabi moja imeruka. Ongeza kile kialama cha juu kwenye ng'ombe na ng'ambo, ambacho kwa saizi ndogo hubaki doa la kijivu tu. Kwenye mkataba wa shamba, silabi iliyoruka ni jambo la kuwagombanisha watu.

Kabla ya setingi, inafaa kujua nani anafanya nini kati ya programu tatu za ndani zinazosaidiana. FreeType ndiyo inayochora umbo la herufi. Fontconfig inaamua ni fonti ipi itumike na kwa masharti gani. HarfBuzz inapanga herufi zikae wapi. FreeType ni ileile iliyomo ndani ya Android, kwa hiyo hatuzungumzii chombo duni. Sifa mbaya ya Linux ilitokana kwa kiasi kikubwa na mambo ya hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi kuzuia wengine kutumia mbinu yake kwa muda fulani. Apple ilikuwa na hataza juu ya maelekezo ya kunyoosha herufi yaliyomo ndani ya fonti za aina ya TrueType, na zilipokwisha mwaka 2010, FreeType 2.4 ikaanza kuyafuata maelekezo hayo bila kificho. Zile za Microsoft kuhusu ClearType, mbinu yake ya kulainisha herufi kwa rangi za pikseli, nazo zilikwisha mwaka 2019. Ndiyo maana ukikutana na maelezo ya zamani yanayokutaka uweke viraka vya Infinality (marekebisho ya kuongeza kwenye FreeType), yapite tu. Yalikuwa na kazi yake enzi hizo.

Kwenye Xfce kila kitu kiko kwenye Settings, kisha Appearance, kisha kichupo cha Fonts. Ningeshauri uanze na DPI, yaani idadi ya pikseli kwa inchi, kwa sababu saizi ikiwa ndogo kupita kiasi hakuna setingi nyingine itakayokuokoa. Kompyuta kwa kawaida huchukulia ni 96. Kioo cha inchi 14 chenye pikseli 1366 kwa 768 kina takriban 112. Maana yake ni kwamba maandishi ya pointi 11 hupewa pikseli 15 hivi, wakati kwa kipimo halisi yangestahili 17. Pikseli mbili ni nyingi sana kwenye herufi ndogo: ndizo zinazofungua tumbo la e na la a. Mimi nimeweka 108, kwa sababu kwenye 112 madirisha ya programu moja ya uhasibu yalikuwa hayaenei kiooni. Mwenye kioo cha inchi 15.6 chenye pikseli hizohizo atapata 100 hivi, kwa hiyo hana haja ya kupandisha sana.

Inayofuata ni hintingi, na hapa ndipo watu wanapotofautiana. Hintingi ni kuivuta herufi kidogo ili mistari yake ilale sawasawa juu ya gridi ya pikseli. Ni kama kupanda viazi: mbegu inafuata tuta, hata kama kwa vipimo ingeangukia mferejini. Ukichagua Full, herufi inavutwa juu na chini, na inaweza kuvutwa hata kushoto na kulia. Maandishi yanatoka makali sana, na wapo wanaoyapenda hivyo kwa sababu yanafanana na Windows za zamani. Lakini angalia gharama yake: umbo la fonti linapotea, m inabanwa, na nafasi kati ya i na l zinakuwa hazilingani. Ukichagua None, umbo linabaki safi lakini kingo za juu na chini zinakuwa na ukungu. Slight inavuta kwa wima tu. Vichwa na nyayo za herufi zinakaa kwenye mstari mmoja, upana unaachwa jinsi mchoraji wa fonti alivyoupanga. Kwa kazi ya kuchapa Kiswahili kwenye kioo hiki, Slight ndiyo sahihi. Nimezijaribu zote kwa siku nzimanzima za kazi, si kwa kutazama dakika mbili, na kichwa kilichotulia jioni kilitokana na Slight.

Halafu kuna Sub-pixel order. Kila pikseli ya kioo cha LCD ina vijistari vitatu, nyekundu, kijani na bluu. Mfumo ukivitumia kimoja kimoja, upana wa pikseli 1366 unakuwa na sehemu 4098 za kuchezea, na miguu ya herufi inapata mahali pake hasa. Laptopu nyingi ni RGB, yaani nyekundu inaanza na bluu inamaliza; BGR ni kinyume chake. Ukichagua BGR kimakosa utaona rangi kwenye kingo za herufi, kwa hiyo kujua ni rahisi. Anti-aliasingi yenyewe, ule ulainishaji wa kingo, iache imewashwa siku zote. Ukishabadilisha, toka kwenye akaunti uingie upya, maana programu zilizo wazi nyingine hubaki na mwonekano wa zamani.

Mpaka hapo kioo kimetulia. Ila kwa mwenye steshenari, kazi kubwa zaidi iko kwenye fonti zenyewe. Mwanafunzi anakuja na flashi, anafungua ripoti, anashtuka: "Dada, jedwali langu lilikuwa ukurasa mmoja, mbona hapa limekatika?" Limekatika kwa sababu faili liliandikwa kwa Calibri, na Linux haiji na Calibri. Fonti yoyote iliyochukua nafasi yake ina upana tofauti, na mistari yote inasogea. Calibri ndiyo iliyokuwa fonti ya kuanzia ya Word kwa miaka mingi kuanzia toleo la 2007, kwa hiyo faili za namna hiyo hazikwepeki.

Dawa ni fonti zenye vipimo vilevile. Carlito ina upana wa herufi sawa na Calibri, Caladea sawa na Cambria. Liberation, ambazo kampuni ya Red Hat ilizitoa mwaka 2007, zinashika nafasi ya Arial, Times New Roman na Courier New. Kwa Linux za aina ya Debian, Ubuntu na ndugu zake, amri ya kuandika kwenye teminali (dirisha la amri) ni hii:

sudo apt install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea fonts-liberation

Kisha andika fc-match Calibri kwenye teminali. Ikijibu Carlito, fontconfig imeelewa, na jedwali la mwanafunzi litarudi ukurasa wake. Hatua hii nimeipenda kuliko zote. Herufi hazifanani kabisa na za Calibri, mwenye jicho ataona, lakini mistari inakatika palepale, na hicho ndicho mteja anachokidai. Kwa kadi zenye maandishi ya Kiarabu juu, ongeza fonti za Noto. Herufi zinaungana vizuri na huoni vile visanduku vitupu.

Jambo moja wateja huniuliza: je, setingi hizi zinabadilisha karatasi inayotoka? Hapana. Printa ya leza inachora nukta 600 kwa inchi au zaidi, na kwa wingi huo herufi haihitaji kuvutwa popote. Hintingi na rangi za pikseli ni za kioo tu. Fonti uliyochagua ndiyo inayofika kwenye karatasi.

Ningeupa mfumo huu nyota nne kati ya tano. Nyota iliyobaki nimeizuia kwa sababu mbili. Kwanza, mtu wa kawaida hawezi kujua kwamba maneno Slight na RGB yanahusu macho yake. Dirisha la setingi halimwelezi kitu, na hakuna hata mfano wa sentensi kubwa wa kulinganisha kabla ya kuchagua. Pili, programu mpya zilizojengwa kwa GTK 4, zana ya kutengenezea madirisha ya programu, zimeachana na rangi za pikseli, zinalainisha kwa kijivu peke yake. Kwenye vioo vyenye pikseli nyingi hilo halina madhara, lakini kwenye vioo vya 1366 ambavyo ndivyo tulivyonavyo wengi, herufi zake ni nyororo kuliko zinavyotakiwa. Kwa kuandika nabaki na LibreOffice, programu ya nyaraka inayokaa mahali pa Word.

Kama unatoka na laptopu kwenda kwenye projekta, mfano semina au kikao cha harusi ukumbini, rudisha Sub-pixel order iwe None kabla ya kuunganisha. Projekta haina vijistari vile vitatu kwa mpangilio wa kioo chako, na ukutani herufi zitaota kingo za rangi ambazo hata waliokaa nyuma wataziona. Ukirudi dukani, weka RGB tena.