Tathmini ya huduma ya taarifa za matetemeko kwa barua pepe, kwa sisi wa Mtwara

Huduma ya bure ya Taasisi ya Jiolojia ya Marekani, inayotuma taarifa za matetemeko ya ardhi kwa barua pepe, ina manufaa makubwa kwa mkazi wa Mtwara, mradi aipange vizuri. Mtumiaji huchagua eneo kwenye ramani, kisha ukubwa wa chini wa tetemeko la kuarifiwa, kimoja kwa mchana na kingine kwa usiku. Nashauri eneo hilo lisiishie Msimbati, bali lifike Komoro na Mayotte, kwa kuwa huko ndiko kwenye funzo kubwa: mfululizo wa matetemeko ulioanza Mei 2018, ambamo kubwa kuliko yote lilifikia 5.8, uliwaongoza wanasayansi mwaka 2019 hadi kwenye volkano mpya chini ya bahari, yapata kilomita 50 mashariki mwa Mayotte, iliyokuwa imeinuka takriban mita 800 kutoka sakafu ya bahari.

Upungufu mkubwa ni kwamba matetemeko madogo, ambayo aghalabu ndiyo huashiria magma (miamba iliyoyeyuka chini ya ardhi) inayopanda, mara nyingi hayamo, kwa sababu vituo vya kupimia katika ukanda wetu ni vichache. Aidha, huduma haitabiri. Huarifu baada ya tukio. Kwa Karthala, volkano hai ya Ngazija, ni vema kusoma pia ripoti ya kila wiki ya Taasisi ya Smithsonian. Taarifa huja kwa Kiingereza, jambo linalowaacha nje wavuvi wengi wa Shangani na Mikindani, ambao ndio ningependa wazipate kwanza.