Sabuni na maji, au sanitaiza?

Ukiwa wodini, mikono isiyo na uchafu wa kuonekana, mimi nachagua sanitaiza bila kusita. Shirika la Afya Duniani nalo linaipa kipaumbele. Sababu ni muda: kusugua na sanitaiza huchukua sekunde 20 hadi 30, ilhali kunawa kwa sabuni, tangu kulowesha hadi kukausha, ni sekunde 40 hadi 60. Muuguzi anayehudumia vitanda kumi hawezi kukimbilia sinki kila anapomgusa mgonjwa. Chupa iko pale pale kitandani.

Lakini sanitaiza ina mipaka yake. Damu, usaha au kinyesi kikionekana mkononi, ni sabuni na maji tu. Vivyo hivyo kwa mgonjwa anayeharishwa na Clostridioides difficile: mbegu za bakteria huyu haziuliwi na alkoholi, huondolewa kwa kusuguliwa na kusuuzwa.

Kwa njia zote mbili, watu hukosea palepale: ncha za vidole, kidole gumba na katikati ya vidole. Wengi husugua viganja tu, basi wameridhika. Sanitaiza ijae kiganjani, isuguliwe mpaka ikauke yenyewe. Ukiifuta kwa koti umeharibu kazi. Ukinawa, kausha kwa karatasi safi, kisha fungia bomba kwa karatasi hiyo hiyo.

Na glavu? Hazichukui nafasi ya chochote kati ya hivi viwili. Ukizivua, safisha mikono.