Desktopu ya 2012 bado tunaishi nayo, tunaiita Guka

Niaje wasee. Leo sina kitu kipya, leo ni hii iko chini ya meza, Dell OptiPlex 7010 ile mnara, prosesa Core i5-3470, model ya 2012. Niliinunua mtumba 2018 pale Luthuli, mtaa wa elektroniki Nairobi, ilikuwa imetoka ofisi fulani Uingereza na stika ya namba ya ofisi bado iko kwa ubavu, nikalipa 17,000 na monita na kibodi yenye herufi L imefutika. Kwa nyumba tunaiita Guka, yaani babu.

Watu huniuliza nimeifanyia nini ndio ikae hivi. Ni SSD tu, ile diski ya kasi isiyozunguka, hizo zingine ni mapambo. Ilikuja na hard disk ya 500GB, ile ya kuzunguka, unawasha unaenda jikoni kuteleka chai, unarudi, bado inawaza. Nikaweka SSD ya 240GB, waya ni ileile ya SATA, na siku hizi chai inanipata nishaanza kazi. RAM nayo, ile memori ya kazi, ina nafasi 4 za vijiti vya DDR3, aina ya zamani, nilipanda kutoka 4GB hadi 16GB mdogo mdogo, kijiti kimoja kimoja, si ni vitu hakuna mtu anang'ang'ania tena.

Ngoja nisogeze kamera. Hapa ubavuni kuna kishikio, ukivuta mfuniko unatoka, hutafuti bisibisi. Oneni hii feni. Hiyo vumbi ni ya miezi 4 tu na mimi niko Umoja ghorofa ya tatu. Mwaka jana ilikuwa inanguruma kama mathree imebeba kupita kiasi ikipanda mlima, nikafungua, nikapata ile pesti ya kupitisha joto juu ya prosesa imekauka imeshika kama ukoko wa ugali. Nikafuta na spiriti, nikaweka mpya kadogo kama ndengu moja, kelele ikaisha. Mende sitawaonyesha, lakini wanapenda joto ya pawa saplai, wacha tu.

Iliyonisumbua sana ni saa. Asubuhi moja kila tovuti imekataa kufunguka, hadi barua pepe, nikashinda nikilaumu raota, nikaizima nikaiwasha mara ngapi sijui, kumbe tarehe ya kompyuta imerudi nyuma miaka mingi. Tovuti ziko na vyeti vya usalama na kila cheti kina siku ya kuanza na ya kuisha, sasa mashine ikiamini leo ni kabla cheti kitolewe, inakataa. Dawa ilikuwa hii betri ya mviringo, CR2032, ndiyo hushikilia saa mashine ikizimwa, bei ya chapo na maharagwe.

Halafu kuna siku stima ilipotea ikarudi na hasira, nikasikia pah! na harufu. Pawa saplai imeenda. Bahati ni kwamba hii mnara inatumia plagi ya kawaida ya pini 24, fundi akatoa ingine kwa rafu tukamaliza. Ile OptiPlex 9020 iliyofuata ina pini 8 za kwao wenyewe, hapo ungezunguka mjini.

Sasa mambo ya Windows. Windows 10 iliachwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu na TPM 2.0, ile chipu ya usalama. Guka ni kizazi cha 3, TPM yake ni 1.2. Kuna njia za kulazimisha, sikutaka kukaa nikiomba kila apdeti isiivunje, nikaweka Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows. Mama watoto alinuna wiki moja juu ya hesabu zake za duka, printa nayo ikanisumbua siku mbili, saa hii hakuna anayeongea.

Penye inachoka ni video. YouTube hupenda kutuma video za VP9, njia moja ya kubana video, na grafiki za huyu mzee hazijui VP9, kwa hivyo prosesa inabeba mzigo yote, feni inapanda, na token za stima zinasikia.

Kama unanunua leo, usichukue hii. Ongeza pesa utafute mtumba wa kizazi cha 8. Lakini kama iko kwako tayari na bado ina hard disk, weka SSD kwanza kabla hujaiweka sokoni. Yangu siuzi, jirani ameshauliza mara mbili.