Uzoefu wangu: kutafuta ubovu wa laptopu kuukuu kwa kutumia Linux

Tathmini hii inahusu Debian, mojawapo ya mifumo endeshi ya familia ya Linux, pamoja na zana zake za uchunguzi, kama nilivyozitumia katika laptopu iliyokwisha kupita umri wa miaka kumi na kuanza kuharibika sehemu zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Wengi huisifu Linux kwa wepesi wake kwenye mashine za zamani, na sifa hiyo inastahili, lakini kwangu thamani yake kubwa ni nyingine: mfumo huu unamweleza mtumiaji ni kifaa kipi kinachosumbua, tena kwa undani unaomwezesha hata asiye fundi kununua kipuri kinachohitajika. Kubahatisha ndiko kunakommaliza mwenye mashine kuukuu. Anabadilisha diski kumbe tatizo ni kebo, au ananunua betri kumbe chaja ndiyo iliyochoka, na mwishowe anaitupa mashine ambayo ingeweza kumtumikia kwa muda mrefu zaidi.

Laptopu yangu ilikuwa ikiganda katikati ya kazi, pengine ikizimika yenyewe bila onyo, na kila ilipokuwa imekaa bila umeme ilirudi na tarehe ya miaka mingi iliyopita. Ugumu wa dalili kama hizi ni kwamba hazielekezi mahali pamoja. Kuganda peke yake kunaweza kuletwa na diski inayoshindwa kusoma, RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine) yenye seli mbovu, joto lililopita kiasi, au draiva (programu ya kuendeshea kifaa) ya kadi ya michoro tu. Kwa hiyo hatua ya kwanza, nayo ninaipendekeza kwa kila mtu kabla ya kushika bisibisi, ni kuiwasha mashine kwa fleshi yenye Debian inayoendeshwa moja kwa moja bila kusakinishwa, kisha kufanya kazi za kawaida humo. Ikiwa kasoro inajitokeza hata pale, mfumo uliosakinishwa hauna lawama, na mtu anaweza kuelekeza macho yake kwenye vifaa. Kwangu ilijitokeza.

Chombo nilichokitegemea kuliko vyote ni rekodi ya kerneli (kiini cha mfumo endeshi) yenyewe, ambayo husomwa kwa amri ya dmesg, au kwa journalctl ikiwa unataka kuona yaliyotokea kabla mashine haijazimika. Amri ya journalctl -b -1 huonyesha rekodi za mara iliyotangulia mashine ilipowashwa, na mistari yake ya mwisho ndiyo yenye ushahidi. Ninasisitiza mistari ya mwisho kwa sababu kuna jambo ambalo maelekezo mengi hayalisemi: rekodi ikikatika ghafla, bila kosa lolote na bila dalili kwamba mfumo ulikuwa ukijifunga, ukimya huo nao ni ushahidi. Mara nyingi una maana kwamba umeme ulikatika au joto liliizima mashine kabla kerneli haijapata nafasi ya kuandika chochote. Rekodi iliyojaa malalamiko ya diski hadi dakika ya mwisho ni habari tofauti kabisa.

Katika rekodi zangu kulikuwa na aina zote mbili, na hapo ndipo nilipojua kwamba nina ubovu zaidi ya mmoja.

Nilianza na diski, kwa kuwa ndiyo inayobeba kazi za mtu. Mistari iliyojirudia ilianza na ata1, jina ambalo kerneli huipa njia ya kuunganishia diski, ikifuatwa na taarifa kwamba amri ya kusoma imeshindwa na kwamba kiungo kinaanzishwa upya kwa kasi ndogo zaidi. Baada ya hapo mfumo wa faili wa ext4 uliacha kupokea maandishi na kubaki wa kusoma tu, tabia ambayo Debian huiweka kwa makusudi kwenye kizigeu kikuu (sehemu ya diski yenye mfumo wenyewe) ili data isizidi kuharibika. Mtumiaji asiyejua hilo atadhani mfumo umeharibika, ilhali unamlinda.

Zana ya kupimia afya ya diski ni smartctl, iliyomo katika kifurushi cha smartmontools, na hapa nina onyo zito. Ukiuliza swali la jumla tu, kwa smartctl -H, diski inaweza kujibu PASSED huku ikiwa imeanza kufa. Jibu hilo hutegemea viwango vilivyowekwa na mtengenezaji, na viwango hivyo vinaweza kuwa vya chini mno. Kinachofaa kusomwa ni jedwali zima la SMART, yaani kumbukumbu za afya ambazo diski hujiwekea, kwa smartctl -a, na katika jedwali hilo safu ya mwisho, yenye thamani ghafi, ndiyo ya kuzingatiwa. Mstari wenye namba 5 huhesabu sekta (vipande vidogo vya kuhifadhia data) zilizokwisha kuhamishwa kwa sababu ya ubovu. Namba 197 huhesabu sekta zinazotiliwa shaka, ambazo diski imeshindwa kuzisoma na inasubiri ziandikwe upya ili iamue hatima ya sekta hizo. Namba 198 ni zile zilizoshindikana katika ukaguzi wa diski yenyewe. Hizo tatu zikiwa sifuri na zikabaki sifuri, uso wa diski kwa kawaida ni mzima. Kwangu zilikuwa sifuri zote, jambo lililonishangaza kwa kuwa malalamiko yalikuwa mengi.

Jibu lilikuwa chini zaidi, kwenye namba 199, UDMA_CRC_Error_Count. Namba hii huongezeka pale data inapoharibika ikiwa njiani kati ya diski na ubao mkuu, na kwa hiyo hunyooshea kidole kebo, plagi au soketi kabla ya diski. Niliiandika pembeni, nikanakili faili kubwa, nikaisoma tena, na ilikuwa imepanda. Nilipoifungua mashine nilikuta kebo bapa ya diski imekunjwa kwenye kona na plagi yake inacheza. Kebo mpya ilimaliza malalamiko yote ya ata1. Namba ya 199 yenyewe hairudi nyuma baada ya matengenezo, hivyo asikate tamaa anayeiona bado kubwa. Cha kutazama ni kama inaendelea kupanda. Kwa maoni yangu mstari huu mmoja unatosha kumshawishi mtu ajifunze kusoma jedwali la SMART, kwa sababu tofauti kati ya kebo na diski mpya ni kubwa, na dalili za nje zinafanana kabisa.

Laiti namba 197 ingekuwa inapanda, mpango ungekuwa mwingine. Diski inayokufa haifai kutengenezwa kwa fsck, zana ya kurekebisha mfumo wa faili, kabla ya kunakiliwa, kwa kuwa fsck huandika, na kuandika juu ya diski ya namna hiyo kunaweza kupoteza kilichosalia. Zana inayofaa ni ddrescue ya GNU, ambayo katika Debian imo ndani ya kifurushi chenye jina la gddrescue. Huokoa kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, huziacha zile ngumu hadi mwisho, na huweka faili ya ramani inayoiwezesha kuendelea ilipoishia hata ikikatizwa. Sijaona zana nyingine inayoniridhisha kama hiyo kwa kazi hii.

Kebo ilipobadilishwa kuganda kulipungua, lakini hakukuisha. Programu tofauti ziliendelea kujifunga bila mpangilio, na dmesg ikawa inaandika segfault (kosa la programu kugusa kumbukumbu isiyoruhusiwa) kwa kivinjari leo na kwa kihariri kesho. Programu moja ikianguka kila mara mahali pamoja, mshukiwe mwandishi wake. Zikianguka nyingi zisizohusiana, ishukiwe RAM. Kuna kipimo chepesi ninachokipenda kabla ya kufika kwenye kipimo rasmi: chukua faili kubwa kuliko RAM iliyomo, kisha endesha juu yake mara kadhaa amri ya sha256sum, inayokokotoa alama ya utambulisho kutokana na yaliyomo katika faili. Faili haijaguswa, kwa hiyo jibu lazima liwe lile lile. Likibadilika, data inaharibika mahali fulani kati ya diski na prosesa, na kama kebo na diski zimeshathibitishwa kuwa nzima, inabaki RAM.

Kipimo rasmi ni memtest86+, ambacho tangu toleo la 6 la mwaka 2022 hufanya kazi pia kwenye mashine zinazowaka kwa UEFI, mfumo mpya zaidi wa kuanzisha mashine. Kinaanzishwa kutoka kwenye menyu ya GRUB (programu inayoanzisha mfumo endeshi), bila mfumo endeshi, na kinapaswa kuachwa kizunguke zaidi ya mara moja, usiku kucha ikiwezekana, kwa kuwa kasoro nyingine hujitokeza tu vifaa vikishapata joto. Mistari myekundu ilipotokea nilitoa kipande kimoja cha RAM na kupima kingine peke yake, kisha nikabadilishana nafasi zao. Ni lazima kubadilishana, kwa sababu kosa linaweza kukifuata kipande au kubaki kwenye soketi, na kipande kipya hakitaponya soketi mbovu. Kwangu lilikifuata kipande. Aliye na RAM iliyounganishwa moja kwa moja kwenye ubao mkuu hana nafasi ya kuitoa, lakini Linux inampa njia ambayo sijaikuta katika mifumo mingine kwa uwazi huu: kigezo cha memmap, kinachoiamuru kerneli isiguse kabisa eneo la anwani lililotajwa na memtest86+. Ukikiandika katika faili ya mipangilio ya GRUB kumbuka kwamba alama ya dola ($) iliyomo ndani yake inahitaji kutanguliwa na alama za kuikinga, la sivyo kigezo kinapotea kimya kimya.

Kuzimika bila onyo kulibaki, na hapa ule ukimya wa rekodi ulinipeleka kwenye joto. Kifurushi cha lm-sensors huonyesha joto la kila kiini cha prosesa pamoja na kikomo chake cha hatari, ambacho kwenye prosesa nyingi za laptopu ni nyuzi 100 za Selsiasi au karibu na hapo. Niliiacha amri ya sensors ikijirudia katika dirisha moja, na katika dirisha lingine nikaipa prosesa kazi nzito kwa stress-ng. Joto lilipanda bila kusita, kerneli ikaandika kwamba kasi ya prosesa inapunguzwa kwa sababu ya joto, kisha skrini ikawa nyeusi. Feni ilikuwa inazunguka, nami nasisitiza hilo kwa sababu wengi husikia mlio wa feni wakaridhika. Vumbi lilikuwa limeshikamana kama blanketi jembamba kati ya feni na mapezi ya shaba, mahali ambapo halionekani mpaka feni ifunguliwe, na pesti ya kupitishia joto juu ya prosesa ilikuwa imekauka na kupasuka. Kusafisha na kupaka pesti mpya kulishusha joto kiasi kwamba kipimo kile kile sasa kinaweza kuendelea kwa saa nzima bila onyo.

Betri ilikuwa rahisi zaidi. Ndani ya /sys/class/power_supply/BAT0 kuna faili mbili za maandishi, energy_full na energy_full_design. Ya kwanza ni kiasi inachoweza kubeba leo na ya pili ni kile ilichoundwa kubeba. Katika baadhi ya mashine majina huanza na charge. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, zidisha kwa mia, na utapata asilimia ya afya yake bila programu yoyote ya ziada. Hata hivyo, betri iliyovimba haihitaji kipimo chochote: itolewe na isichajiwe tena.

Ile tarehe ya kale ilitokana na betri ndogo ya saa, ambayo kwenye mashine nyingi ni CR2032 ya volti 3. Inaonekana jambo dogo, lakini saa ikirudi nyuma miaka mingi, kivinjari hukataa karibu kila tovuti kwa madai kwamba vyeti vyake bado havijaanza kutumika, na mtu anaweza kupoteza siku akilaumu mtandao.

Kwa kadi ya Wi-Fi sikuhitaji kufanya lolote, kwa sababu tangu Debian 12 ya mwaka 2023 kisakinishi huja na programu ndogo za vifaa (firmware) zilizokuwa zikitafutwa kando.

Udhaifu upo, na usifichwe. Ushahidi wote niliouelezea umetawanyika katika zana nyingi, karibu zote za terminali (dirisha la kuandikia amri), na ujumbe wa kerneli umeandikwa kwa ajili ya watengenezaji wake. Programu ya GNOME Disks huonyesha jedwali la SMART kwa vitufe, lakini hakuna mahali pamoja panapomwambia mtumiaji wa kawaida kwamba kebo yake imechoka. Kusasisha BIOS (programu ya ubao mkuu inayoiwasha mashine) ya mashine ya zamani bila Windows ni kazi ngumu, kwa kuwa fwupd, huduma ya Linux ya kusasisha programu za vifaa, inategemea watengenezaji waliojiunga nayo na mashine nyingi kuukuu hazimo. Na wenye laptopu za biti 32 wajue kwamba Debian 13 ya mwaka 2025 haina tena kisakinishi wala kerneli kwa ajili yao.

Kwa mwenye prosesa ya biti 64 na subira ya kusoma, ninaipendekeza Debian bila kusita. Kasoro moja imebaki katika mashine yangu: soketi ya USB ya upande wa kushoto, ambayo kwa kila kifaa ninachochomeka humfanya dmesg aandike device descriptor read/64, error -71. Vifaa hivyo hivyo vinasomeka vizuri upande wa kulia, kwa hiyo ubovu ni wa soketi yenyewe, nayo imeunganishwa kwa risasi kwenye ubao mkuu. Nimeiziba kwa kifuniko cha mpira, ninatumia mbili zilizobaki, na sitaigusa isipokuwa siku ambayo ubao utakuwa umefunguliwa kwa sababu nyingine.