Risasi za 9x19 kwa mazoezi ya shabaha: nilizozijaribu hapa Mwanza na ninayoinunua sasa

Kwa mwenye haraka, jibu langu ni hili: kwa mazoezi ya shabaha na bastola ya 9x19 (risasi ya milimita tisa, yenye ganda la urefu wa milimita 19), nimetulia kwenye Sellier & Bellot ya greini 124 (greini ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi), yenye ganda la shaba ya njano na kichwa kilichovikwa shaba. Kuna za bei ya chini kuliko hiyo dukani, na kuna za ghali zaidi. Ninachokilipia mimi ni kwamba risasi zote ndani ya boksi zinafanana, kwa hiyo tundu likienda pembeni najua ni mkono wangu uliokosea.

Mimi ni mfanyabiashara wa mabondo ya sangara, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwa samaki, kwenye soko la samaki la Mwaloni Kirumba. Biashara hii wenyeji mnaijua: mzigo mdogo, fedha nyingi, na malipo mengi bado yanafanyika mkononi. Bastola ninayomiliki kwa leseni ni CZ 75, ya chuma kitupu, muundo wa Kicheki wa mwaka 1975, mtutu wa milimita 120. Afande mstaafu anayetufundisha alinieleza mapema: "Mama, hiyo ukiifungia kabatini mwaka mzima, siku ukiihitaji itakuwa ngeni mkononi." Nakubaliana naye kabisa. Mwenye silaha asiyefanya mazoezi ni hatari kwake na kwa majirani, na katika mji uliobanana kama wetu, nyumba juu ya nyumba kwenye vilima, risasi iliyokosa shabaha haina pa kwenda isipokuwa kwa watu.

Ila mazoezi yanakula risasi, na risasi zinaagizwa kutoka nje, kwa hiyo bei inapanda na kushuka na dola. Ndiyo maana sitaji shilingi hapa. Nikitaja leo, mwezi ujao nitakuwa nimewadanganya. Nitazungumzia tofauti kati ya boksi na boksi.

Kabla ya bei, someni maandishi kwenye kitako cha ganda. Usiingie dukani ukasema tu "nataka za milimita tisa". Ziko za aina zaidi ya moja. 9x19, 9 mm Luger na 9 mm Para ni risasi ileile, aliyoibuni Georg Luger, mzaliwa wa Austria, mwanzoni mwa karne iliyopita. Lakini 9x18 ya Makarov ni nyingine, fupi na nene kidogo, na ile ya 9x17 inayoitwa pia .380 ni nyingine tena. Hazibadilishani. Angalia kilichochongwa kwenye mtutu wa bastola yako, linganisha na kitako cha risasi, ndipo utoe hela. Na ununue duka lenye leseni, ukiwa na kitabu chako cha silaha, kama inavyotakiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Risasi ya kuletewa na mtu mfukoni hujui imetoka wapi wala imekaa wapi, na hilo ni kosa la jinai juu yake.

Sasa namna nilivyopima. Uwanja tunaotumia uko nje ya mji, na ukuta wake wa nyuma ni tuta refu la udongo uliochekechwa kuondoa mawe. Nalisisitiza hili kwa watu wa Mwanza hasa, kwa sababu mawe yetu ni granaiti. Risasi ikigonga granaiti inaruka, na hakuna anayejua itaangukia wapi. Nimesikia watu wanaona jabali kubwa shambani wanadhani wamepata ukuta mzuri wa shabaha. Jabali ndilo kitu kibaya kuliko vyote cha kupigia risasi.

Mezani naweka mfuko wa mchanga, naegemeza mikono juu yake, napiga risasi tano kwenye karatasi moja nikiwa mita 25, taratibu, bila kukimbizana. Halafu napima kwa rula kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu lililo mbali nalo zaidi. Kila aina naipa karatasi kadhaa, maana karatasi moja inaweza kukupendelea. Na nabadilisha mpangilio, ili uchovu wa mkono usiangukie aina moja kila mara.

Kwenye uzito, risasi za 9x19 zinapatikana zaidi za greini 115, 124 na 147. Greini 115 ni kama gramu saba na nusu, 124 ni gramu nane, 147 ni gramu tisa na nusu. Nyepesi ndiyo yenye mbio zaidi, huzidi mita 350 kwa sekunde. Ile nzito huzunguka mita 300. Watu wengi hapa wanapenda ya greini 115 kwa kuwa ndiyo rahisi zaidi kuipata na mara nyingi ndiyo ya bei ya chini. Haina ubaya. Kwenye CZ yangu, aina iitwayo Magtech ya greini 115 ilinipa matundu ndani ya upana wa kiganja, na kwa mazoezi ya mita 10 au 15 hutaona tofauti yoyote na nyingine. Lakini nikirudi mita 25, Sellier & Bellot ya greini 124 ndiyo iliyokusanya matundu kwa karibu zaidi, karatasi baada ya karatasi. Zingine zilipata karatasi moja nzuri halafu ya pili ikatawanyika. Hii ilirudia.

Ya greini 147 nilipewa chache na mwenzangu. Teke lake ni la kusukuma zaidi kuliko kushtua, nililipenda. Jambo moja linalowachanganya wengi: risasi nzito na ya polepole hugonga juu zaidi kwenye karatasi, si chini. Mtu angetegemea ianguke. Sababu ni kwamba bastola inaanza kunyanyuka mara baruti inapowaka, na risasi ya polepole inakaa ndani ya mtutu muda mrefu kidogo zaidi, kwa hiyo inatoka wakati mdomo umeshanyanyuka. Kwa hiyo ukibadili uzito usiharakie kugusa kilengeo cha bastola wala kumlaumu fundi. Piga tano kwanza, uone zimehamia wapi. Na ndiyo sababu kubwa ya kuchagua uzito mmoja ukabaki nao: mazoezi yanajenga mazoea, na kubadilisha risasi kila mwezi kunayavuruga.

Niliwahi kubishana na jamaa aliyeamini kwamba kasi ndiyo kila kitu. Tulikaa na kalamu tukapiga hesabu. Kwa mita 25, risasi inayokwenda mita 350 kwa sekunde inashuka kama sentimita mbili na nusu. Ya mita 320 inashuka kama sentimita tatu. Tofauti yake nusu sentimita. Basi matundu yakitawanyika sentimita kumi na tano, msilaumu kasi. Laumuni kichwa kisichokaa sawa kwenye ganda, au mtutu usioipenda risasi hiyo, au, mara nyingi zaidi, kidole kinachovuta kifyatuo kwa pupa.

Hiyo Sellier & Bellot ni kiwanda cha zamani sana, kilianza Prague mwaka 1825, na leo kiko Vlašim, hukohuko Cheki. Mwaka 2009 kilinunuliwa na CBC ya Brazili, ambayo ndiyo yenye Magtech, kwa hiyo hizo mbili zilikuwa za nyumba moja hadi mwaka 2024, kiwanda kilipochukuliwa na Colt CZ. Kitu nilichokipenda nilipozishika: kuzunguka fataki, kile kiduara kidogo kitakoni ambacho pini hukigonga, kuna mstari wa rangi nyekundu. Si pambo. Ni ulakiri unaoziba mwanya ili unyevu usiingie kwenye baruti. Kwa sisi tunaoishi na hewa ya ziwa, hilo peke yake lina thamani.

Sasa ile ya bei ya chini kuliko zote, ambayo sitaitaja jina. Ilikuwa chini kwa karibu robo ya bei. Maganda yalikuwa yamefifia, mawili matatu yana madoa ya kijani. Uwanjani zingine ziligoma kabisa: pini imegonga, hakuna kitu. Hapo utaratibu ni kuiacha bastola ikiwa imeelekezwa kwenye tuta, kuhesabu nusu dakika bila kuisogeza, ndipo uitoe risasi, kwa sababu kuna zinazochelewa kuwaka. Kisha ikaja iliyonitisha. Ilitoa mlio mdogo, kama mtu aliyekohoa, na karatasi haikupata tundu. Afande akapaza sauti, "Acha! Usikoki tena!" Tukatoa magazini, tukafungua, akapitisha ufito kwenye mtutu. Ukagota. Kichwa cha risasi kilikuwa kimekwama katikati ya mtutu. Baruti haikuwa na nguvu ya kukitoa. Ningevuta kifyatuo mara nyingine, risasi ya pili ingekikuta palepale, na mtutu ungevimba au kupasuka usoni pangu.

Kila anayepiga bastola aujue mlio huo. Ukisikia risasi imelia kinyonge au teke limekuwa dogo kuliko kawaida, simama, hata kama mnashindana, hata kama mwalimu hajaona.

Kwa hiyo nikipiga hesabu ya unafuu, siangalii bei ya boksi la 50 peke yake. Kwenye boksi lile la nafuu, toa zilizogoma, toa zilizotawanyika zisinifundishe chochote, toa muda tuliosimama kukagua mtutu. Robo niliyookoa imekwisha, na bado hofu imebaki mkononi, maana baada ya siku ile nilikuwa nafumba macho kabla ya mlio. Tabia hiyo ilichukua muda kuiondoa.

Dukani siku hizi naomba kufungua boksi. Wauzaji waungwana hawakatai. Nasimamisha risasi wima kwenye kaunta, vitako chini, natazama kwa usawa wa macho: vichwa vyote viwe kimo kimoja. Kilichozama ndani kuliko vingine kinabana nafasi ya baruti na kupandisha msukumo ndani ya ganda. Nakibonyeza kichwa kwa dole gumba kidogo, kisicheze. Kijani hapana, ganda lililobonyea hapana. Na zile zenye alama ya +P naziacha, msukumo wake ni mkubwa kuliko kawaida na kwa kutoboa karatasi zinachosha bastola bure. Zenye kichwa chenye shimo puani nazo ni nzuri kwa kazi yake, ila kuzimalizia kwenye karatasi ni kuchoma hela.

Aliye na bajeti ndogo kabisa, sehemu kubwa ya mazoezi ifanyikie nyumbani bila risasi. Chumba kimoja, risasi zote ziwe chumba kingine zimefungiwa, mtutu umekaguliwa kwa macho na kwa kidole, watoto hawapo, na ukuta unaouelekea hauna mtu nyuma yake. Lenga, vuta kifyatuo polepole, uone kama mdomo wa bastola umetikisika. Kwa CZ 75 tumia risasi bandia za mazoezi ndani ya chemba, kwa kuwa kuigongesha tupu mara nyingi kunaweza kuvunja kijipini kinachoshikilia pini ya kugongea. Mimi nafanya hivyo jioni nikishafunga hesabu za siku, na uwanjani naenda kuthibitisha tu. Risasi zinadumu zaidi na shabaha imekuwa bora kuliko nilipokuwa nazimwaga.

Halafu mikono. Ndani ya kile kichwa cha shaba mna madini ya risasi (lead), ambayo ni sumu mwilini, na moshi wa fataki nao mara nyingi unayo. Mkitoka uwanjani nawa kwa sabuni na maji ya baridi kabla ya kugusa chakula, na nguo zile zisiingie kwenye beseni moja na za watoto. Nasema hili kwa sababu nimeona watu wanatoka kupiga risasi wanakaa hapohapo wanakula samaki wa kukaanga kwa vidole.

Kuhifadhi ni mwisho wa maneno yangu. Masika hapa kwetu kila kitu kinapata ukungu, hata mkanda wa ngozi kabatini. Risasi zangu nazitia kwenye kopo la chuma lenye mpira mdomoni, na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya ninavikusanya humo. Kopo linaingia kwenye sefu iliyofungwa kwa nati ukutani, mbali na bastola yenyewe. Sizikalishi kwenye gari lililopaki juani pale Kirumba, kwa sababu joto la kila siku linaiharibu baruti. Kila boksi naliandika tarehe ya kununua kwa kalamu ya wino mzito, na la zamani ndilo linalotangulia kwenda uwanjani.